Herieth na Ndege ya Bei Poa

Sehemu ya Saba

Mliomfuata Herieth tangu mwanzo mnajua alivyofika hapa. Kwa anayemkuta leo, haya machache yanamtosha.

Herieth ni binti wa Mzee Kornelio, mchonga vinyago wa Mtwara. Anauza kwenye duka la dawa Tegeta, na anaishi Madale kwa dada yake Jenipher na shemeji yake Fransis. Mwaka mzima baba yake aliikataa posa ya Romani, fundi majokofu wa hukohuko Mtwara, bila kutoa sababu. Baada ya Pasaka akaikubali, tena bila kutoa sababu. Ndoa ikapangwa Jumamosi, kanisani Mtwara.

Ndugu wote walishatangulia kwa basi, isipokuwa Fransis aliyebanwa na kazi. Herieth alibaki kungoja shela, maana lile la kwanza lilivujiwa na bati bovu la fundi, likaingia madoa ya kutu, ikabidi lishonwe jingine. Lilipokuwa tayari, mvua ilikuwa imeshaikata barabara ya kusini. Mabasi yakasimama. Ikabaki ndege.

Tulimwacha Jumatano jioni, amekaa kibarazani Madale na shemeji yake, simu imelala mezani katikati yao. Walikuwa wanachagua ndege.

Palikuwa na mbili tu zenye nafasi. Moja ilikuwa ya shirika kubwa, inaondoka Ijumaa alfajiri. Nyingine ilikuwa ya Mbayuwayu, shirika jipya ambalo tangazo lake lilikuwa linaimbwa redioni mpaka watoto wa mtaani walikuwa wamelikariri. Yenyewe iliondoka jua likishapanda, na nauli yake haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Fransis anaendesha lori la saruji, anapakia Wazo. Ni mtu asiyeamini kitu rahisi, kuanzia matairi hadi dawa za mafua. Alimweleza Herieth kwamba amesikia habari za hao Mbayuwayu kwa wateja wake. Wana ndege moja tu kwa njia ya Mtwara, ikikohoa hakuna ya akiba. Ukichelewa imekula kwako. Ukibadili mawazo imekula kwako. Begi likizidi, unalilipia kama mtu.

"Harusi ni yako, shemeji," alisema. "Mie ningekuwa wewe, ningeamka saa tisa nikaenda na ile ya alfajiri."

Herieth hakuwahi kupanda ndege maishani. Kwake zote zilikuwa na mabawa na zote zilikuwa zinakwenda Mtwara. Halafu kamati ya harusi ilikuwa imempigia siku hiyohiyo kulalamikia vinywaji, na akiba ya nauli ingeziba hilo pengo. Akampigia Jenipher, ambaye tayari alikuwa Mtwara, naye akasema Fransis anapenda makuu. Akampigia Romani. Romani akacheka, akamwambia achague yoyote itakayomfikisha.

Akachagua Mbayuwayu. Usiku ule alilala vizuri, na ndio ulikuwa mwisho wa kulala vizuri.

Ijumaa Fransis alimpeleka uwanjani kwa gari la kuazima, wakapitia Goba kukwepa foleni ya barabara kubwa, foleni wakaikuta hukohuko Goba. Herieth alikaa mbele amelipakata shela ndani ya mfuko wake mrefu. Kila gari liliposimama alitazama saa, kila lilipotembea alitazama saa. Fransis hakusema neno juu ya ile ndege ya alfajiri, na kule kutosema kulimkera Herieth kuliko angesema.

Walifika kaunta ikiwa bado wazi. Fransis akamshusha, akamtakia heri, akageuza gari mbio kuwahi mzigo wake Wazo.

Mhudumu alikuwa dada mpole, jina lake Tabu limebandikwa kifuani. Alilipima begi, likawa limefika kikomo. Kisha akautazama ule mfuko mrefu na kutikisa kichwa polepole. Akaeleza kwamba abiria anaruhusiwa kitu kimoja cha mkononi, na kitu chenyewe kiingie chini ya kiti. Mfuko ule haungeingia chini ya kiti hata ukikunjwa mara nne. Ulipiwe, au ubaki.

Herieth alifungua simu. Salio lote lilikuwa limekwenda kwenye kamati jana yake. Akampigia Fransis, simu ikaita mpaka ikakata. Fransis akishika usukani hapokeagi simu ya mtu.

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama harusi imehamia hapa kaunta. Herieth alihisi machozi yanakuja, akayazuia kwa hasira.

Mama mmoja mnene, mwenye ushungi wa kijani, akasogea kutoka nyuma ya foleni. Aliitwa Mwamvita, mzaliwa wa Temeke, anakwenda Mtwara kumuona binti yake aliyejifungua mapacha. Hakumuuliza Herieth chochote. Alimuuliza Tabu.

"Nguo aliyoivaa abiria nayo mnaipima?"

"Hapana, mama. Ya mwilini hatupimi."

"Basi tuchungie nafasi yetu."

Akamshika Herieth mkono mpaka choo cha wanawake. Humo ndani, Herieth akiwa ameshikilia sinki, bi Mwamvita alimvalisha shela, akamfunga zipu, akaukunja ule mkia wa nyuma na kuupandisha kwa pini alizozichomoa kwenye ushungi wake mwenyewe. Alipomaliza alirudi hatua moja, akamtazama, akasema fundi wake anajua kazi. Juu akamfunga kanga yake kiunoni ili shela lisiguse sakafu.

Walipotoka, wale walionung'unika walimpisha. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Tabu akampa pasi yake ya kupandia akitabasamu, na Herieth akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kicheko hakikudumu. Hawajakaa vizuri ukumbini, ikatangazwa kwamba ndege imelala Mtwara na imepata hitilafu ndogo. Abiria wawe na subira.

Herieth hakuweza kukaa, maana shela lingejikunja. Alitembea. Alikwenda kwenye kibanda cha chai akarudi kwenye kioo kikubwa kinachotazama uwanja, akaenda tena, akarudi tena. Watoto walimfuata kwa macho. Wazungu wawili waliomba kupiga naye picha, akakubali bila kusikia walichosema. Ndege ya shirika kubwa ilitua, ikashusha, ikapakia, ikaruka. Nyingine ikafuata. Ya Mbayuwayu haikuonekana.

Ikatangazwa tena: hitilafu imeshughulikiwa, ndege itaondoka Mtwara muda si mrefu.

Alimpigia Jenipher. Jenipher alikuwa jikoni na wanawake wa ukoo wakimenya vitunguu, akamwambia kila kitu kinakwenda sawa, apunguze presha. Alimpigia Romani. Simu ya Romani ilikuwa haipatikani.

Ujumbe wake wa mwisho uliingia kabla jua halijachomoza, na ulikuwa mfupi: Mungu akutangulie. Herieth aliusoma tena. Asubuhi ulimpendeza. Sasa aliona haukutaja harusi, haukutaja kumpokea.

Alimpigia msimamizi wa Romani. Huyo alijibu kwamba hajamuona tangu jana, ila anadhani yuko kinyozi.

"Kinyozi na simu vinagombana?" bi Mwamvita aliuliza.

"Labda umeme hakuna, kaishiwa chaji."

 Bi Mwamvita alitoa chupa ya uji wa mzazi kwenye begi lake, akamimina kwenye kifuniko, akampa anywe. Herieth alikunywa kidogo, akarudi kwenye kioo.

Ndege yao ilitua jua likiwa utosini. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoitarajia, ina pangaboi mbili, na mchoro wa mbayuwayu mkiani. Abiria wake wote ukumbini walisimama kwa pamoja kama wanafunzi mwalimu akiingia. Tabu akajitokeza mlangoni na kuwaomba wajipange, maana ndege haitakaa muda mrefu.

Herieth alibaki kwenye kioo. Aliwatazama walioteremka. Mzee mwenye fimbo. Mama na watoto. Vijana waliovaa fulana za kampuni moja. Wote walivuka lami kuelekea mlango wa wanaowasili, wakipita sambamba na kile kioo.

Wa mwisho alikuwa mwanamume mwenye kofia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Alijificha upande wa pili wa wale vijana wa fulana, akitembea kichwa chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga kwa nje kidogo.

Herieth alikuwa anaujua ule mguu. Romani aliwahi kuanguka ngazini akifunga jokofu la samaki, ukavunjika, ukaunga vibaya.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha. Aliamini amekuja kumchukua. Kumbe ndio maana simu haikupatikana, alikuwa angani, alitaka amshtukize, waingie pamoja kwenye ndege warudi pamoja. Akamwambia bi Mwamvita, "Mchumba wangu yule pale," na sauti yake ilikuwa imejaa majivuno. Akapiga simu ili yeye ndiye amshtukize.

Kule lamini, yule mwanamume alisimama. Alitoa simu mfukoni akaitazama muda mrefu. Angeweza kuiacha iite. Aliipokea.

"Nambie, mpenzi."

"Uko wapi wewe?" Herieth alikuwa bado anatabasamu.

"Niko hapa kanisani. Padri anatuelekeza mambo ya kesho."

Herieth alimuona akizungumza. Aliyaona maneno yakimtoka mdomoni na kuyasikia sikioni kwake. Tabasamu lilimbaki usoni kwa kuwa alisahau kuliondoa.

"Mbona kelele hivyo?"

"Jenereta. Umeme umekatika."

"Romani," Herieth alisema. "Geuka kushoto."

Alisita. Kisha akageuka.

Kati yao palikuwa na kioo na hatua chache za lami. Romani alimuona bibi harusi wake amesimama ndani ya shela, kanga ya mtu imefungwa kiunoni, simu sikioni. Alivua kofia. Hakuwa amekwenda kinyozi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha.

Ukumbini watu waliacha kusukumana. Bi Mwamvita akasogea karibu, akaweka mkono mgongoni kwa Herieth.

"Unakimbia," Herieth alisema kwenye simu. "Harusi kesho, na wewe unakimbia."

"Sikimbii. Nimefukuzwa."

"Na nani?"

 Mlinzi wa uwanja alikuwa anamfanyia ishara asogee, na Romani akamuinulia mkono kumuomba nafasi.

"Na baba yako," alisema. "Alikuja kwangu alfajiri, Herieth. Tiketi kaishika mkononi, kaikata yeye. Nilidhani amekuja kugomba. Akapiga magoti. Mzee mzima, kwenye sakafu yangu, akapiga magoti akalia."

Herieth hakumuelewa. Baba yake alizika mke bila kutoa chozi mbele ya watu. Baba yake hakuwahi kumuomba radhi hata padri.

"Kwa nini?"

"Hakusema. Alisema tu kama nakupenda kweli niondoke kabla hujafika, na nisikuambie kitu. Nilimuuliza njia nzima mpaka uwanjani. Anatikisa kichwa tu."

"Na wewe ukakubali."

"Nilikubali," Romani alisema. "Nimekuwa nakubali mpaka tunatua hapa. Sasa sikubali tena. Toka humo. Mie nazunguka mlango wa mbele nakungoja, twende tukaonane na padri wa hukuhuku. Tukishafunga ndoa hakuna wa kutufukuza. Usipande hiyo ndege."

Mlinzi alifika, akamshika bega kwa adabu, akamsogeza. Romani alitembea kinyumenyume hatua kadhaa, simu bado sikioni, akimtikisia Herieth kichwa: usipande. Kisha mlango wa wanaowasili ukammeza na simu ikakatika.

Ukumbi ulikuwa umebaki karibu mtupu. Abiria wote walishatoka, wanapanda ngazi ya ndege. Tabu alisimama mlangoni na karatasi yake, akaita jina la Herieth, akaliita tena, ingawa alimuona pale.

"Dada, unakwenda hauendi?"

Herieth alitazama mlango aliouingilia. Huko nje kulikuwa na mtu aliyempenda, aliyemdanganya mbele ya macho yake, na aliyemwambia ukweli mara tu alipomuona. Vyote hivyo ndani ya muda wa simu moja. Angetoka, wangeoana, na angempata. Hilo hakulitilia shaka.

Ila angeolewa naye bila kujua ni kitu gani kilichompigisha baba yake magoti. Kila siku angekaa na Romani mezani, na hicho kitu kimekaa nao. Angemtazama mumewe akitembea na ule mguu wake na kujiuliza, huyu baba alimuogopa nini? Au alikuwa anamuogopea nani?

Na kama angemsikiliza shemeji yake Jumatano, angekuwa Mtwara tangu asubuhi. Angemkuta Romani bado hajaruka, ile tiketi mkononi. Angeuliza palepale.

"Mwanangu," bi Mwamvita alisema taratibu, "mie napanda. Wajukuu wananisubiri. Ukibaki, kanga kaa nayo. Ukija, njoo sasa."

Herieth aliandika ujumbe haraka: Nisubiri Dar. Usiende popote mpaka nikupigie. Akautuma kwa Romani. Akampa Tabu pasi yake, akakusanya shela kwa mikono miwili, akatoka kwenye jua.

Upepo wa pangaboi ulimpiga usoni. Alipanda ngazi bila kugeuka nyuma, kwa sababu alijijua, angegeuka angeshuka. Ndani, abiria waliinua miguu ili apite. Bi Mwamvita alimwachia kiti cha dirishani, akamfunga mkanda, maana Herieth hakujua unavyofungwa.

Mhudumu wa ndani alikuwa anapita akiwaomba watu wazime simu. Alikuwa bado mbele. Herieth akapiga.

Baba yake alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshapanda?"

"Nimepanda. Ilichelewa."

"Nimesikia. Haidhuru. Sie tunakusubiri."

Nyuma yake zilisikika sufuria na sauti za wanawake wakiimba. Alitambua ya Jenipher. Herieth alitaka kulia, akaiminya sauti yake mpaka ikawa ya kawaida.

"Baba, Romani yuko hapo?"

Sufuria ziliendelea kugongana.  Mzee Kornelio alikohoa mbali na simu, kisha akarudi, na aliporudi sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ileile aliyomsomea nayo sala za jioni alipokuwa mdogo.

"Yupo," alisema. "Nimekaa naye hapa. Wewe njoo tu, mama."

Mhudumu akafika kwenye kiti chao na kuelekeza simu kwa kidole. Mbele, mlango wa ndege ulikuwa unafungwa.